Sheria za matumizi na faini: je, zinaweza kuzizuia klabu za soka kutapanya pesa?

Maswali haya huulizwa kila wikendi palipo na mashabiki, kuanzia vibanda vya video vya Wandegeya hadi Busia na Arua. Kwa nini Everton ikatwe pointi na Chelsea ilipe faini tu? Kesi ya Manchester City ilichukuaje miaka mingi hivyo? Na sisi huku Uganda, ambako mchezaji anaweza kumaliza msimu akidai mshahara, sheria kama hizo zingetufaa? Kila jibu linajitosheleza. Pale ambapo jambo limeelezwa kwingine, nimetaja namba ya swali.

## Misingi

1. Sheria za matumizi ni nini hasa?

Ni masharti yanayoifunga klabu isitumie kupita kiasi fulani cha mapato yake. Fedha zinazokubalika kuwa mapato ni za viingilio, haki za televisheni, udhamini, zawadi za mashindano na mauzo ya wachezaji. Pesa ambayo tajiri anaitoa mfukoni kuziba pengo huhesabiwa kwa kiwango maalum tu.

UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilipitisha kanuni zake, maarufu kama FFP (Financial Fair Play), mwaka 2010 chini ya rais wake Michel Platini. Mwaka 2022 ilizibadilisha. Sasa gharama za kikosi, yaani mishahara, ada za uhamisho na malipo ya mawakala, zisipite asilimia fulani ya mapato: 90 msimu wa 2023/24, 80 msimu uliofuata, kisha 70 kuanzia 2025/26. Ligi Kuu ya Uingereza ilikwenda njia yake kwa sheria ya PSR (kanuni za faida na uendelevu), iliyoruhusu hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Hispania nayo ina utaratibu tofauti kabisa, na kwa maoni yangu ndio bora (swali la 8).

2. Kwa nini mtu azuiwe kutumia pesa yake mwenyewe?

Kwa sababu mara nyingi si yake. Ni mkopo, au ni ahadi, au ni mapato ya kesho yaliyoliwa leo. Siku mwenye pesa akichoka, anayebaki na deni ni klabu, pamoja na wafanyakazi wake na mji wake.

Portsmouth ilitwaa Kombe la FA mwaka 2008 ikiwa na kikosi ambacho mapato yake hayakuweza kukilipa. Februari 2010 iliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi, ikakatwa pointi 9 na kushuka daraja. Kufikia 2013 ilikuwa inaelekea daraja la nne, na ni mashabiki waliochanga fedha kuinunua. Rangers ya Scotland ilifilisika 2012 ikaanza upya daraja la nne. Bury, klabu ya tangu 1885, ilifukuzwa kwenye ligi Agosti 2019. Hawa hawakuangushwa na wapinzani uwanjani. Waliangushwa na vitabu vyao vya hesabu.

3. Mbona klabu hununua mchezaji wa pauni milioni 100 na haivunji sheria?

Kwa sababu ada ya uhamisho haiandikwi yote mwaka wa kununua. Hugawanywa kwa miaka ya mkataba. Mchezaji wa milioni 100 aliyesaini miaka 5 huandikwa gharama ya milioni 20 kila mwaka. Akiuzwa mambo yanageuka: faida yote huingia mwaka huohuo.

Hapo ndipo vijana wa akademi wanapoumizwa. Kijana aliyelelewa na klabu hakununuliwa, kwa hiyo bei yake karibu yote ni faida safi kwenye hesabu. Juni 2024 Newcastle ilimuuza Elliot Anderson, mtoto wa nyumbani, kwenda Nottingham Forest ili hesabu zikae sawa kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Sheria inayosukuma klabu kumuuza kijana wake ili imbakize mgeni aliyenunuliwa kwa bei ghali ina kasoro. Sioni sababu ya kulisema hilo kwa kificho.

## Faini

4. Je, faini humzuia tajiri?

Hapana. Kwa mwenye pesa, faini ni nauli: unalipa, unafika unakokwenda.

Mei 2014, siku chache baada ya Manchester City kutwaa ubingwa wa Uingereza, UEFA iliipiga faini ya euro milioni 60, na PSG ya Ufaransa ikapata kiasi hichohicho. Ila milioni 40 kati ya hizo ziliwekwa kando kwa masharti, kwa hiyo zilizotozwa moja kwa moja zilikuwa 20. Kikosi chao cha Ligi ya Mabingwa kilipunguzwa hadi wachezaji 21. Kombe hawakunyang'anywa. Miaka mitatu baadaye PSG ikamnunua Neymar kwa euro milioni 222, bei ambayo hakuna mchezaji aliyewahi kununuliwa.

Julai 2025 Chelsea ilipigwa faini ya euro milioni 31 na UEFA, huku nyingine 60 zikining'inia endapo ingekiuka makubaliano. Barcelona ikatozwa 15, Aston Villa 11. Hiyo ya Chelsea ni zaidi ya shilingi bilioni 100 za Uganda. Kwetu pesa hiyo ingeendesha ligi nzima kwa miaka mingi. Kwa Chelsea haifikii bei ya kiungo mmoja.

Ubaya mwingine wa faini ni kwamba huigonga klabu maskini mahali pabaya. Ukiitoza klabu ambayo tayari haijalipa mishahara, atakayechangia faini hiyo ni mchezaji, maana mshahara wake ndio utakaosubiri.

5. Basi FFP ilishindwa kabisa?

La, na hapa mashabiki wengi huidhulumu. Mwaka 2011 klabu za ligi kuu za Ulaya kwa jumla zilipata hasara ya takribani euro bilioni 1.7. Kufikia 2017 zilikuwa na faida ya jumla ya karibu milioni 600. Sehemu ya mabadiliko hayo ilitokana na pesa za televisheni kupanda, lakini mapato yalikuwa yakipanda hata kabla ya sheria na hasara zikazidi kukua. Tofauti ni kwamba safari hii kulikuwa na mtu anayekagua madeni ya mishahara, kodi na ada za uhamisho. Klabu nyingi za kati na ndogo zilikaguliwa na kunyooshwa kimyakimya, bila gazeti lolote kuandika.

Iliposhindwa ni kwa wale wachache wakubwa, wenye mawakili wengi kuliko wakaguzi wa UEFA. Kisha janga la korona likafuta sehemu kubwa ya mafanikio hayo.

## Adhabu zinazouma

6. Kukatwa pointi kunafaa kuliko faini?

Kunafaa, mradi kufanyike kwa wakati. Kukichelewa, haki huenda kwa asiyestahili.

Chukua Everton. Novemba 2023 ilikatwa pointi 10 kwa kupitisha kikomo cha hasara kwa pauni milioni 19.5. Rufaa ikazirudisha nne, zikabaki 6, kisha Aprili 2024 ikakatwa 2 nyingine kwa kosa la kipindi kilichofuata. Nottingham Forest ikakatwa 4. Mwisho wa msimu zote mbili zilibaki ligi kuu.

Sasa tazama kosa lile la kwanza lilikuwa la lini: hesabu zilizoishia msimu wa 2021/22. Msimu huo Everton ilimaliza na pointi 39, Burnley ikashuka na 35. Zile pointi 6 zingekatwa wakati huo, Everton ingebaki na 33 na ndiyo ingeshuka. Burnley ilishuka, ikapoteza mapato ya ligi kuu na wachezaji wake wakatawanyika, halafu hukumu ikaja msimu mwingine na kumwadhibu mkosaji katika msimamo ambao Burnley haikunufaika nao. Mkosaji aliadhibiwa na aliyeumizwa hakufidiwa hata pointi moja.

7. Kwa nini kesi ya Manchester City ilichukua miaka mingi hivyo?

Kwa sababu mashtaka ni zaidi ya 100, yanagusa misimu mingi kuanzia 2009, na City inayakana yote. Ligi Kuu ya Uingereza iliyatangaza Februari 2023, na tume huru ikaanza kusikiliza kwa faragha Septemba 2024. Mashtaka si hukumu, na shabiki wa haki analikumbuka hilo hata kama hampendi mshtakiwa.

Historia ya nyuma inaeleza kwa nini kila upande ulijipanga. Februari 2020 UEFA iliifungia City misimu miwili Ulaya na kuitoza euro milioni 30. Julai mwaka huo Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilifuta kifungo na kupunguza faini hadi milioni 10, kwa sababu baadhi ya madai hayakuthibitishwa na mengine muda wake ulikuwa umepita. Yaani msimamizi wa sheria akikawia, kuna kosa litakaloishia hewani hata kama ushahidi upo.

8. Ni adhabu ipi basi inayofanya kazi kweli?

Ile inayokuja kabla pesa haijatumika. Ndiyo imani yangu baada ya kuyatazama yote haya, na ningependa viongozi wa soka letu waitafakari.

La Liga, ligi kuu ya Hispania, hupangia kila klabu kikomo cha gharama za kikosi, na mchezaji anayezidisha kikomo hasajiliwi. Hakuna kusubiri hesabu za mwisho wa mwaka wala tume. Agosti 2021 Barcelona ilikuwa na deni la zaidi ya euro bilioni moja, na Lionel Messi mwenyewe hakuweza kusajiliwa. Akaondoka akilia mbele ya waandishi wa habari. Sheria iliyoweza kusema hapana kwa Messi ni sheria yenye meno. Barcelona ilijibu kwa kuuza robo ya mapato yake ya televisheni ya ligi kwa miaka 25, kwa hiyo sisemi kwamba haikwepeki. Lakini klabu ililazimika kutafuta pesa kwanza, ndipo imsajili mchezaji.

Ya pili ni kufungiwa kusajili. FIFA hutumia hili kwa klabu zenye madeni ya wachezaji, makocha au klabu nyingine: ukishindwa kulipa baada ya hukumu, hufungiwa hadi madirisha matatu ya usajili, na ukilipa kifungo kinaondolewa. Hapa jirani Kenya, Gor Mahia na AFC Leopards zimewahi kukumbwa nacho. Viongozi ambao barua za kudai deni haziwasumbui huzinduka upesi dirisha la usajili linapofunguliwa na wao hawawezi kuandikisha mtu.

## Mianya na malalamiko

9. Chelsea iliuzaje hoteli zake na hesabu zikanyooka?

Iliziuza kwa kampuni dada, chini ya wamiliki walewale, kwa pauni milioni 76.5. Baadaye timu ya wanawake nayo ikauzwa ndani ya familia hiyohiyo. Sheria za Ligi Kuu ya Uingereza hazikukataza mali kama hizo zihesabiwe kuwa mapato. UEFA haikuzikubali, na hilo lilichangia faini ya 2025.

Mwanya mwingine ulikuwa mikataba mirefu. Mykhailo Mudryk alisaini miaka minane na nusu Januari 2023, ili ada yake igawanywe vipande vidogovidogo (hesabu yenyewe iko swali la 3). Mwaka huohuo UEFA ikaweka kikomo cha kugawanya ada kuwa miaka 5, na Uingereza ikafuata. Huo ndio mwendo wa siku zote: klabu hutoboa, msimamizi huziba, na aliyetoboa wa kwanza hubaki na faida yake.

10. Je, sheria hizi haziwalindi wakubwa wa zamani?

Zinawalinda kwa kiasi, na malalamiko ya Newcastle au Aston Villa yana msingi. Ukifunga matumizi kwa mapato, mwenye mapato makubwa tayari ataruhusiwa kutumia zaidi milele. Manchester United inaweza kukosea usajili mara tano na ikanunua tena, Villa ikikosea mara mbili inauza nyota wake.

Hata hivyo siafiki kwamba dawa ni kuondoa sheria. Dawa ni kugawana mapato kwa usawa zaidi, au kuweka kikomo kimoja cha fedha kwa wote. Wazo hilo la pili lilipigiwa kura Uingereza Novemba 2025 na likakataliwa. Klabu zilichagua kikomo cha asilimia 85 ya mapato kuanzia 2026/27. Wenye nyingi walilinda nyingi zao.

## Uganda

11. Je, Uganda ina sheria za namna hii?

Ina utaratibu wa leseni za klabu. CAF, shirikisho la soka la Afrika, inazitaka nchi wanachama wazikague klabu kwa vigezo vya kimichezo, miundombinu, utawala, sheria na fedha, na FUFA, shirikisho la soka la Uganda, ndiyo hutoa leseni kwa klabu zetu. Klabu isiyo na leseni haiwezi kucheza mashindano ya CAF, hata ikiwa bingwa.

Kwa muundo wake, leseni ni adhabu ya kabla, ileile niliyoisifia katika swali la 8. Kwa hiyo chombo tunacho. Kinachohitajika ni ujasiri wa kumnyima mkubwa leseni akiwa hajalipa mishahara, na kuchapisha sababu ili mashabiki wa pande zote wazisome.

12. Tukinakili PSR ya Uingereza, Ligi Kuu ya Uganda itapona?

Haitapona, kwa sababu ugonjwa wetu ni mwingine. Kule klabu ina mapato makubwa na inayapita. Huku mapato yenyewe ni haba. Mkataba wa StarTimes uliosainiwa 2018 ulikuwa wa takribani dola milioni 7.2 kwa miaka 10. Yaani mkataba mzima wa muongo mmoja hauifikii hata robo ya faini moja ya Chelsea. Viingilio vya mechi ya kawaida havitoshi kulipia basi, hoteli na waamuzi.

Tazama klabu zenyewe zinavyoishi. KCCA inategemea Mamlaka ya Jiji la Kampala, URA mamlaka ya mapato, Police, UPDF, Maroons na NEC zina vyombo vya serikali nyuma yao. BUL ya Jinja ina kiwanda. Vipers ilijengwa kwa pesa na kichwa cha Lawrence Mulindwa, kuanzia shule hadi uwanja wa Kitende. SC Villa na Express ndizo zenye mashabiki wa asili, na ndizo zilizohangaika kwa miaka mingi: Villa, iliyofika fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1991, ilikaa kuanzia 2004 hadi 2024 bila ubingwa. Ukisema leo kila klabu iishi kwa mapato yake tu, utafunga karibu ligi yote, na Vipers isingeitoa TP Mazembe ya Kongo kwa penalti pale Lubumbashi mwaka 2022.

Kwa hiyo kwetu swali si mfadhili ametoa kiasi gani. Swali ni je, akiondoka kesho, mikataba aliyoisaini italipwa na nani? Tumeona klabu zikipanda kwa pesa ya mtu mmoja, zikasajili kwa kishindo, kisha mtu huyo akashindwa uchaguzi au biashara yake ikayumba, na wachezaji wakabaki hosteli bila nauli ya kurudi kwao. Sheria inayotufaa ni ya dhamana: kabla ya msimu, mfadhili aweke benki mishahara ya angalau nusu msimu, katika akaunti ambayo hawezi kuigusa peke yake. Asiyeweza kuweka, apunguze kikosi kwanza. Kwa klabu za serikali, barua ya bajeti iliyopitishwa itoshe.

13. Klabu ndogo itapata wapi pesa bila kuvunja sheria?

Kwa kulea na kuuza. Mwaka 2020 KCCA ilimpeleka Allan Okello Paradou ya Algeria na Mustafa Kizza Montreal. Zaidi ya ada, kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya kila uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye ndani ya mkataba, zigawiwe klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Klabu ya Mbale au Masaka iliyomlea kijana ina haki ya fungu hilo hata akiuzwa mara ya tatu huko Ulaya, ilimradi usajili wake wa utotoni uliandikwa ipasavyo. Mwandikeni kijana mapema, jina lake na tarehe zake za kweli. Umri uliopunguzwa leo unaweza kuwapotezea fungu hilo kesho.

14. Mimi ni mchezaji na sijalipwa. Nifanye nini?

Usigome kimya wala usiondoke usiku. Kanuni za FIFA zinasema klabu ikishindwa kulipa angalau mishahara ya miezi miwili kinyume cha mkataba, mchezaji aiandikie notisi na kuipa siku zisizopungua 15 kulipa. Zikipita bila malipo, ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Hakikisha notisi ni ya maandishi, ina tarehe, na umebaki na nakala iliyopokelewa. Mgogoro wa mchezaji wa hapa na klabu ya hapa huanzia kwenye vyombo vya FUFA, ila mchezaji wa kigeni anaweza kuufikisha FIFA.

Haya yote yanategemea kuwa na mkataba. Ndugu yangu mchezaji, usiingie uwanjani kwa ahadi ya mdomo, hata kama anayeahidi ni mtu unayemheshimu sana. Mkataba uandikwe, nawe ubaki na nakala yako.

## Kesi za pembeni

15. Klabu ikishuka daraja, kosa lake linakwenda nalo?

Inategemea maneno ya sheria. Leicester ilishuka mwaka 2023. Hesabu zake zilifungwa mwisho wa Juni, wakati tayari ilikuwa imekwisha kutoka Ligi Kuu. Septemba 2024 jopo la rufaa likaamua kwamba Ligi Kuu haikuwa na mamlaka ya kuishtaki kwa kipindi hicho. Ni mwanya uliotokana na tarehe mbili zisizolingana, somo kwa yeyote atakayeandika kanuni zetu.

16. Forest ilijitetea kwamba ilisubiri bei nzuri. Utetezi huo unakubalika?

Haukukubalika. Forest ilimuuza Brennan Johnson kwa Tottenham siku ya mwisho ya dirisha, kwa bei kubwa kuliko ambayo ingepata mwezi Juni, lakini mwaka wa fedha ulikuwa umefungwa. Tume ilisema tarehe ni tarehe. Ilipunguziwa adhabu kidogo kwa kukiri na kushirikiana.

17. Klabu ikiuzwa au kubadili jina, madeni yanafutika?

Hayafutiki mbele ya FIFA. Kanuni zake za nidhamu humtambua mrithi wa kimichezo: huangaliwa jina, nembo, rangi, uwanja, wachezaji, wamiliki na daraja inalocheza. Klabu mpya ikionekana kuwa ndiyo ileile iliyovaa jina jingine, inabeba deni la ile ya zamani na inaweza kufungiwa kusajili kwa ajili yake. Kwa Uganda, ambako nafasi ya ligi huweza kununuliwa na klabu ikahamishiwa wilaya nyingine kwa jina jipya, mnunuzi adai orodha ya kesi zote za wachezaji na makocha kabla ya kusaini, na FUFA isiidhinishe uhamisho huo kabla orodha hiyo haijalipwa.